Injini Ndogo za Bandari ya Southampton

Watu wengi wakisikia habari za reli za Uingereza huyawaza magarimoshi makubwa yaliyokwenda mbio kutoka mji hata mji. Ni wachache wanaozikumbuka injini ndogo zilizofanya kazi gatini mchana na usiku. Lakini pasipo injini hizo, shehena isingaliweza kuifikia meli, na meli isingaliweza kung'oa nanga kwa wakati wake.

Aina moja mashuhuri ya injini hizo iliitwa B4. Aliyeibuni ni Bwana William Adams, mkuu wa mitambo wa kampuni ya London and South Western Railway. Ya kwanza ilijengwa mwaka 1891, na hata kufika mwaka 1908 zilikuwa zimekwisha kujengwa 25. Mwaka 1892 kampuni hiyo iliinunua bandari ya Southampton, na nyingi katika injini hizo zikapelekwa huko. Zilipewa majina ya visiwa na miji ya ng'ambo ya bahari, kama Jersey, Guernsey, Cherbourg na Granville.

Umbo lake lilifuata kazi yake. Reli za bandarini hupinda sana katikati ya maghala, na injini ndefu ikipita hapo huweza kuacha njia. Kwa hiyo B4 ilikuwa na magurudumu manne tu, na kutoka gurudumu la mbele hata la nyuma ilikuwa futi 7. Maji yake yaliwekwa katika matangi ya ubavuni, isihitaji kukokota gari la maji na makaa. Tena iliweza kwenda mbele na kurudi nyuma bila kugeuzwa. Uzito wake, tani 33 na zaidi, uliyalemea magurudumu yote manne, nayo yote yalisukumwa na mvuke. Ndiyo sababu injini ndogo kama hiyo iliweza kuyavuta mabehewa mazito.

Kazi hiyo haikuwa ya mchezo. Mtu wa chini alishika mti mrefu wenye ndoano ya chuma, akafunga na kufungua minyororo ya mabehewa, huku akimwashiria dereva kwa mkono, au kwa taa usiku. Ishara moja ikikosewa, mtu huweza kupondwa. Maisha ya mmoja yalikuwa katika macho ya mwenziwe.

Meli Titanic ilipoondoka Southampton tarehe 10 Aprili, 1912, injini hizi zilikuwa kazini bandarini humo. Zilitumika katika Vita Kuu zote mbili. Mwaka 1947 nafasi yake ilichukuliwa na injini 14 za magurudumu sita, zilizojengwa Marekani kwa ajili ya jeshi.

B4 za mwisho ziliondolewa katika reli za serikali mwaka 1963. Hata hivyo, Normandy, iliyojengwa mwaka 1893, ilinunuliwa na wafanya biashara ya makaa wa Southampton, ikawatumikia hata mwaka 1972. Hiyo na Granville ndizo mbili tu zilizohifadhiwa.

Haba na haba hujaza kibaba. Meli kubwa zilijazwa behewa baada ya behewa, na aliyezisifu meli hizo ilimpasa aikumbuke pia injini ndogo iliyoyasukuma mabehewa hayo, pamoja na watu walioitumikia.