Don McLeroy: Daktari wa meno aliyesimamia mitaala ya Texas

Don McLeroy ni daktari wa meno wa mji wa Bryan, jimboni Texas nchini Marekani, ambaye kwa miaka 12 alikuwa mmoja wa watu 15 wanaoamua watoto wa jimbo hilo wafundishwe nini. Hakuwa mwalimu wa darasani wala mwanasayansi. Alizaliwa mwaka 1946, akafanya kazi ya udaktari mjini Bryan, akawafundisha watoto Biblia kanisani kila Jumapili, na akapitia bodi ya shule za mji wake kabla ya kuwania kiti cha jimbo.

Wajumbe wa Bodi ya Elimu ya Texas huchaguliwa na wananchi. Mageuzi ya mwaka 1984, yaliyosukumwa na tajiri Ross Perot, yaliifanya bodi hiyo kuwa ya kuteuliwa, lakini mwaka 1987 wapiga kura waliudai tena uchaguzi wao. Kila mjumbe hutoka katika kanda yake, husimama kwa tiketi ya chama, hukaa miaka minne na halipwi mshahara. Wananchi wengi hawawajui hata kwa majina, na hapo ndipo penye hatari, kwani mamilioni ya wanafunzi husoma yale ambayo bodi imeyapitisha. Tena Texas ni mnunuzi mkubwa wa vitabu vya shule. Kwa muda mrefu wachapishaji walivitunga kwa kutazama matakwa yake, kisha wakaviuza katika majimbo mengine.

McLeroy alishinda mara ya kwanza mwaka 1998 kwa tiketi ya Republican katika kanda namba 9, akarudishwa mwaka 2002 na 2006. Anaamini dunia iliumbwa miaka elfu chache tu iliyopita, na imani hiyo hakuificha. Uwazi huo anastahili kupewa heshima yake. Mwaka 2003 alikuwa mmoja wa wajumbe wanne waliovikataa vitabu vya baiolojia kwa jinsi vilivyoeleza mageuko ya viumbe, wakashindwa kwa kura 11 dhidi ya 4.

Julai 2007 Gavana Rick Perry alimfanya mwenyekiti. Machi 2009 bodi ilipoandika upya mtaala wa sayansi, maneno ya zamani yaliyowataka wanafunzi wapime nguvu na udhaifu wa nadharia yalifutwa. Hata hivyo McLeroy alifaulu kuingiza vipengele vya kutilia shaka maelezo ya visukuku na ugumu wa umbile la seli, akisema waziwazi kwamba lazima awepo mtu wa kuwapinga wataalamu. Kauli hiyo ilimgharimu. Mwezi Mei mwaka huohuo Seneti ya jimbo ilipigia kura uteuzi wake: 19 walimkubali, 11 walimkataa. Theluthi mbili haikutimia, akapoteza uenyekiti na kubaki mjumbe wa kawaida.

Machi 2010 alikutana katika kura za mchujo na Thomas Ratliff wa Mount Pleasant, kaskazini-mashariki mwa kanda hiyo. Baba yake, Bill Ratliff, ndiye seneta aliyeandika sheria ya elimu ya mwaka 1995 iliyoipunguzia bodi madaraka juu ya vitabu. Mwana alimshinda McLeroy kwa tofauti isiyofika kura 1,000. Lakini muhula wa McLeroy haukuwa umekwisha, na Mei 2010, akiwa tayari amekataliwa na chama chake, alishiriki kupitisha mtaala wa historia na maarifa ya jamii kwa kura 9 dhidi ya 5. Mtaala huo ulitumika mashuleni miaka mingi baada yake. Huu ni udhaifu mkubwa wa utaratibu wenyewe: mjumbe huondoka, maamuzi yake hubaki.

Aliondoka Januari 2011. Mwaka huohuo sheria mpya iliziruhusu wilaya za shule kununua vitabu hata visivyoidhinishwa na bodi, na nguvu ya kiti chake cha zamani ikapungua. Ratliff alikikalia hadi Januari 2017, akampisha Keven Ellis, Republican mwingine. Katika kanda hiyo mshindi wa mchujo wa Republican ndiye mjumbe. Mwaka 2010 Democrat hawakusimamisha hata mgombea.