Kusafisha filamu nyumbani Morogoro: joto na maji ndiyo huamua

Filamu ya nyeusi na nyeupe husafishwa kwa dawa chache, na kazi yote yaweza kufanyika nyumbani bila umeme. Studio za zamani za Afrika Mashariki, kama Capital Art Studio aliyoifungua Ranchhod Oza mjini Zanzibar mwaka 1930, ziliishi kwa kazi hii miongo mingi. Kwa anayeifanya Morogoro, mji ulio chini ya milima ya Uluguru, ubora wa picha hutegemea zaidi mambo mawili: joto la maji na usafi wake.

Uso wa filamu ni utando wa jelatini wenye chembe za chumvi ya madini ya fedha. Mwanga ukizipiga chembe hizo, huacha alama isiyoonekana kwa macho. Dawa ya kusafishia hugeuza chembe zilizopigwa na mwanga kuwa fedha nyeusi. Zilizobaki huondolewa na dawa ya kuimarisha, ambayo kiini chake ni sodiamu thayosalfeti.

Hatua ya kwanza ni kuviringisha filamu kwenye rili na kuifungia ndani ya tangi dogo lisilopitisha mwanga. Hapo giza liwe totoro. Hata taa nyekundu haifai, kwa kuwa filamu nyingi za leo huona rangi zote. Usiku chumba kisicho na dirisha hutosha, au mfuko wa giza wenye mikono miwili. Rili na mikono viwe vikavu, la sivyo filamu hunata njiani. Tangi likishafungwa, kazi huendelea kwenye mwanga wa kawaida.

Joto la kawaida la dawa ni nyuzi 20 za Selsiasi. Filamu ya Ilford HP5 Plus, kwa mfano, hukaa dakika 11 katika dawa ya D-76 iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Miezi ya joto maji ya bomba mjini Morogoro huwa moto kuliko hapo, na dawa ikifika nyuzi 24 muda huo hushuka hadi kati ya dakika 7 na 8. Muda usishuke chini ya dakika 5, maana picha huweza kutoka na mabaka. Dawa hupozwa kwa kuweka chupa zake ndani ya beseni la maji na barafu. Huko juu milimani, kama Nyandira katika Mgeta, shida hugeuka: Juni na Julai maji huwa baridi, na beseni huhitaji maji ya moto. Dawa zote na maji ya kusuuzia vikaribiane kwa joto, kwani jelatini ikishtuliwa hujikunja na kuacha mikunjo midogo kwenye picha.

Tangi hupinduliwa taratibu kila dakika. Dawa ikimwagwa, hufuata siki nyeupe iliyozimuliwa kwa maji mara nne ili kusimamisha kazi yake, kisha dawa ya kuimarisha. Muda wa kuimarisha hupatikana kwa kutumbukiza kipande cha filamu ndani ya dawa hiyo: muda kinaotumia kuwa angavu huzidishwa mara mbili.

Asiyepata dawa ya kusafishia ya dukani hutumia kahawa. Njia hiyo ilitokana na kazi ya Scott Williams na wanafunzi wake huko Rochester, Marekani, mwaka 1995. Lita moja ya maji huchanganywa na gramu 54 za sodiamu kaboneti kavu, gramu 16 za vitamini C na gramu 40 za kahawa ya unga inayoyeyuka, kama Africafé ya Bukoba. Filamu hukaa humo dakika 15 kwa nyuzi 20. Sodiamu kaboneti isichanganywe na soda kali ya kutengenezea sabuni, ambayo huunguza ngozi.

Kusuuza ndiko kunakodai maji safi. Wakati wa masika mito ya Uluguru hubeba udongo, na chembe zake hunata kwenye jelatini iliyolowa. Maji yaachwe yatuame, kisha yachujwe kwa kitambaa safi. Tangi hujazwa na kupinduliwa mara 5, maji hubadilishwa, kisha mara 10, hatimaye mara 20. Suuzo la mwisho ni la maji yaliyochemshwa na kupozwa, yenye tone moja la sabuni ya maji. Filamu hutundikwa chumbani kusiko na upepo wala vumbi, ikiwa na kibanio chini.

Dawa ya kuimarisha iliyotumika ina fedha yenye sumu kwa viumbe wa majini. Isimwagwe mtoni: maji ya Uluguru huingia Mto Ruvu, unaonywesha Dar es Salaam. Sufi ya chuma ikilowekwa humo, fedha hujitenga kama matope.

Negativu zilizokauka hukatwa vipande na kuwekwa kwenye bahasha za karatasi isiyo na asidi, ndani ya kopo lenye pakiti za kufyonza unyevu, kwani ukungu hupenda jelatini.