Mbolea Ibaki Shambani: Utangulizi

Elimu hii inafuatilia mbolea baada ya kumtoka mkulima mkononi. Tutaanzia Burat, kaunti ya Isiolo. Maji ya Mto Isiolo huteremka kutoka upande wa Mlima Kenya, yakagawanywa kwa mifereji kwenye mashamba ya nyanya, vitunguu na sukumawiki. Mto huo huingia Ewaso Ng'iro, na huko chini wafugaji hunywa wao na mifugo yao.

Naitrojeni ya mbolea ikigeuka naitreti huyeyuka na kuzama hadi visimani. Fosforasi hushikamana na udongo, kwa hiyo husafiri pale udongo unapochukuliwa na mmomonyoko. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti kwa lita ya maji ya kunywa, kwa sababu ikizidi huizuia damu ya mtoto mchanga kubeba oksijeni. Kuchemsha hakusaidii: maji hupungua, naitreti hubaki ikikolea zaidi.

Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Ukimwagwa juu juu, kisha mfereji ukafunguliwa, pesa ya mkulima imekwenda na maji. Anayepima kwa kizibo cha soda, kila shimo na chake, akachanganya na udongo na kufukia, hupata mazao na kuulinda mto kwa mkono uleule.

Suala la samadi ndilo linalonishughulisha zaidi. Vitabu vingi vya taaluma hii viliandikwa katika nchi za baridi, navyo huonya juu ya kumwaga samadi kwenye ardhi iliyoganda kwa baridi. Hatari yetu ni mvua ya kwanza. Kiangazi kizima samadi hujilimbikiza bomani na ardhi hukauka ikawa ngumu. Mvua ya Machi au Oktoba ikishuka kwa kishindo, haizami. Hutiririka hadi kwenye laga, yaani mkondo wa mto wa msimu, imebeba samadi na vijidudu vya kuharisha. Kwa hiyo samadi iozeshwe kwanza, ifukiwe, wala isirundikwe kwenye njia ya maji.

Kanuni za Ubora wa Maji za 2006 zilikataza kulima kando ya mto, kwa upana wa kati ya mita 6 na 30 kila upande. Naziona ni haki, ingawa kwa mwenye kishamba kidogo mita hizo ni chakula cha watoto, na ugumu huo tusiupuuze.

Kabla ya kuingia sura ya kwanza, nenda shamba lililo karibu nawe siku ya mvua, ufuate maji mpaka yanapoishia.