Kwa Nini Mbegu ya Nyanya Chotara Haizai Mfano Wake

Nyanya chotara, zile ambazo pakiti zake huandikwa F1, humpa mkulima mavuno mazuri msimu wa kwanza. Akikamua mbegu za matunda hayohayo na kuzipanda, hupata shamba lisilolingana: mche huu umebeba, ule umejaa majani matupu. Wengi huamini kwamba kampuni huziharibu mbegu makusudi ili warudi dukani. Kwa bei zilivyo, shaka hiyo inaeleweka. Hata hivyo, chanzo kimo katika urithi wa mmea wenyewe, na tusipokijua tutadai kisichowezekana na kusahau kudai haki yetu.

Mwaka 2010, Uri Krieger, Zachary Lippman na Dani Zamir walichapisha utafiti kuhusu jeni ya nyanya iitwayo SFT, inayotoa ishara ya mmea kuchanua. Kila mmea hurithi nakala mbili za jeni hiyo, moja kwa kila mzazi. Nakala zote mbili zikiwa na kasoro, mmea huchelewa kuchanua na huzaa kidogo mno. Tungetegemea mmea wenye nakala moja yenye kasoro uzae kwa kiasi cha kati, lakini katika nyanya fupi, zinazoacha kurefuka mapema, mimea ya namna hiyo ilizidi ile yenye nakala mbili nzima kwa hadi asilimia 60. Ishara inapokuwa nyingi, mmea hufunga ukuaji wake mapema. Inapopungua kwa kiasi, hupata muda wa kuongeza vishada vya maua.

Kipimo hicho hakidumu. Nyanya kwa kawaida hujichavusha, hivyo kati ya watoto wa mmea huo, kwa wastani robo watapata nakala mbili nzima, robo nakala mbili zenye kasoro, na nusu tu watafanana na mzazi. Hiyo ni jeni moja. Jeni za ukubwa wa tunda na za kustahimili magonjwa nazo hugawanyika vivyo hivyo. Hakuna mkono wa mtu ulioharibu mbegu.

Je, basi mkulima hana budi kununua chotara daima? La. Mara nyingi nguvu ya chotara hutokana na jeni nzuri za mzazi mmoja kufunika kasoro za mwenzake, na jeni za namna hiyo zaweza kukusanywa polepole, kizazi baada ya kizazi, katika aina moja inayozaa mfano wake. Tengeru 97 na Tanya, zilizotolewa Tanzania mwaka 1997, ni aina ambazo mkulima anaweza kujiwekea mbegu zake. Kazi hiyo haina faida kubwa kwa muuza mbegu, kwa kuwa mteja wake hana haja ya kurudi kila msimu. Kwa sababu hiyohiyo inapaswa kugharimiwa na fedha za umma, na hilo ndilo dai ambalo wakulima wana haki ya kulishikilia.