Kilo Tatu Baada ya Idi: Kweli au Si Kweli?

Siku ya nne baada ya Idi nilipanda mizani asubuhi, kabla ya chai. Kwa miezi mitano nilikuwa nimejitahidi kushuka kutoka kilo 81 hadi 74. Mizani ikasoma 77. Nilishuka, nikaisogeza karibu na mlango ambako sakafu imenyooka, nikapanda tena. Ilikuwa 77 ile ile. Nilikasirika, na chini ya hasira kulikuwa na aibu. Nikaapa kwamba siku ile sitatia kitu kinywani. Nilishinda hivyo hadi magharibi, na saa nne usiku, nyumba nzima imelala, nilikaa jikoni peke yangu nikala mkate wa sinia karibu wote.

Baadaye nilikuja kuelewa kwamba pilau ya Idi haikuniharibia kitu kikubwa. Ulioniharibia ni ule mkate. Kilichonipeleka kwenye mkate ni hasira, na hasira ilitokana na mambo niliyoyaamini ambayo hayana ukweli. Wala si mimi peke yangu niliyeyaamini. Ndiyo tunayoambiana saluni, kazini na kwenye vikao vya harusi kila mtu anapolalamika kwamba mwili umemrudia. Nayaleta hapa, kila moja na hukumu yake.

“Kilo tatu kwa siku nne? Hayo yote ni mafuta.”

Si kweli, na hesabu yake ni nyepesi. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina takriban kilokalori 7,700. Ili nipate kilo tatu za mafuta ningelazimika kula kilokalori 23,100 juu ya zile ninazotumia, yaani ziada ya karibu 5,800 kila siku kwa siku nne. Mwanamke wa makamo asiyefanya kazi za sulubu hutumia kama 2,000 kwa siku. Ningepaswa kula chakula changu pamoja na cha wanawake wengine karibu watatu, siku nne mfululizo. Nilikula sana Idi ile, lakini si kiasi hicho.

Zile kilo zilitoka wapi basi? Sehemu kubwa ni maji. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye misuli na ini. Akiba hiyo inaitwa glaikojeni, na kwa mtu mzima hufika gramu 400 hadi 500. Kila gramu yake hukaa na kama gramu tatu za maji. Anayepunguza wali, ugali na mkate huanza kuitumia akiba hiyo na maji yake yanatoka, ndiyo maana wiki ya kwanza ya dayati mizani hushuka kwa kasi ya kushangaza. Siku anaporudi kwenye pilau na maandazi, ghala linajazwa upya na maji yanarudi. Ghala lililojaa, pamoja na maji yake, lina uzito wa karibu kilo mbili.

Juu ya hapo weka chumvi ya achari, ya ng'onda, ya mchuzi wa biriani. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na mlo wa sikukuu huvuka kiasi hicho mapema. Chumvi huyazuia maji mwilini. Siku za kukaribia hedhi nazo huyazuia. Na chakula chenyewe kina uzito wake mpaka kitakapotoka. Maji ya namna hii huingia kwa usiku mmoja na huondoka kwa siku chache, mtu akirudi kwenye chakula chake cha kawaida.

“Kama ni maji tu, basi sikukuu hazinenepeshi.”

Hili nalo si kweli, na nalisema kwa sababu faraja ya uongo haidumu. Mwaka 2000 Jack Yanovski na wenzake walichapisha utafiti wa watu wazima 195 nchini Marekani, waliopimwa kabla na baada ya sikukuu za mwisho wa mwaka. Kwa wastani waliongezeka kilo 0.37 tu, ingawa wenyewe walidhani wameongezeka zaidi sana ya hapo. Lakini hicho kidogo hakikuondoka katika miezi iliyofuata. Sikukuu huongeza kidogo kuliko tunavyohofu, kisha hicho kidogo kinang'ang'ania, na mwaka ujao kinapata mwenzake.

“Nimeshaharibu, acha nile tu. Nitaanza Jumatatu.”

Kama kuna kauli moja ningependa ifutwe katika vinywa vyetu, ni hii.

Mwaka 1975 Peter Herman na Deborah Mack walifanya jaribio na wanafunzi wa kike wa chuo kikuu. Baadhi walipewa milkisheki moja, wengine mbili, wengine hawakupewa. Kisha wote wakawekewa aiskrimu na kuambiwa waionje, wale wanavyotaka. Wale ambao kwa kawaida hawajizuii kula walifanya kama utakavyotarajia: aliyekwisha kunywa milkisheki alikula aiskrimu kidogo, maana ameshiba. Wale waliokuwa wakijizuia katika maisha yao ya kila siku walifanya kinyume. Waliokunywa milkisheki walikula aiskrimu nyingi kuliko wenzao wenye kujizuia ambao hawakunywa kitu. Shibe haikuwasimamisha. Walikuwa wamekwisha kuvuka mpaka waliojiwekea, na baada ya mpaka hapakuwa na kizuizi kingine.

Huyo ni mimi na mkate wangu wa sinia, na huenda ni wewe pia. Maandazi mawili ya asubuhi yana kama kilokalori 300 au 400, kiasi ambacho mwili hauwezi hata kukionyesha kwenye mizani. Ila mtu akishajihukumu kwamba siku imeharibika, mchana anaongeza chipsi, jioni soda na keki, kesho ni Ijumaa na Jumatatu iko mbali. Maandazi mawili yanazaa siku nne za kula bila kipimo. Anayeumia hapo anadhani tatizo lake ni andazi, kumbe ni hukumu aliyojipa baada ya andazi.

Dawa yake naijua na haina ugumu wowote, ila inataka unyenyekevu: mlo unaofuata uwe wa kawaida. Usingoje Jumatatu wala mwezi mpya. Umekula maandazi asubuhi? Mchana kula ulichokuwa umepanga kula.

“Aliyekula sana afidie kwa kushinda na njaa.”

Si kweli. Jaribio linalojulikana zaidi kuhusu njaa lilifanywa na Ancel Keys katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mwishoni mwa Vita vya Pili vya Dunia. Vijana 36 wenye afya njema ya mwili na akili walijitolea. Kwa wiki 24 za mwaka 1945 walipewa chakula cha takriban kilokalori 1,570 kwa siku, huku wakitembea na kufanya kazi. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Lakini kilichowatokea akilini ndicho kinachonigusa. Waliota chakula, walizungumza chakula, baadhi walianza kukusanya vitabu vya mapishi ambavyo kabla ya hapo hawakuvijali. Wakawa na hasira za ghafla na huzuni. Walipofunguliwa, wengine walikula mpaka tumbo likauma na bado wakahisi njaa.

Tazama ile namba tena: 1,570. Kweli, wale walikuwa vijana wa kiume wenye kazi nyingi, na kwao ilikuwa kama nusu ya mahitaji. Lakini siku hizi tunapeana ratiba za kilokalori 800, matunda na maji matupu, kisha tunashangaa kwa nini siku ya tano mtu anafungua sufuria usiku kama mwizi.

Kufunga kwa ibada ni jambo jingine, lina nia yake na adabu zake. Ninalolikataa ni njaa inayotolewa kama adhabu. Chakula kinachomrudisha mtu kwenye njia ni kile kinachokaa tumboni: maharage, dagaa, yai, mchicha au kisamvu kwa wingi, na ugali wa ukubwa wa ngumi yako. Anayekula hivyo hataamka saa saba za usiku kutafuta mkate.

“Uzito ukikurudia, ujue huna nia.”

Si kweli kabisa. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake, New York, waligundua homoni inayotoka kwenye mafuta ya mwili na kuuambia ubongo akiba iliyopo. Inaitwa leptini. Ukipungua, leptini hushuka na ubongo husikia kwamba kuna ukame, hata kama jikoni kumejaa. Mwaka 2011 Priya Sumithran na wenzake wa Melbourne waliandika kuhusu watu 50 waliopunguzwa uzito kwa chakula kidogo kwa wiki kumi. Mwaka mmoja baadaye homoni za njaa zilikuwa bado hazijarudi zilipokuwa, na wahusika walikuwa bado na njaa kuliko kabla ya kuanza. Mwaka 2016 Kevin Hall aliwapima watu 14 walioshiriki shindano la televisheni la kupungua uzito huko Marekani. Miaka sita baada ya shindano, miili yao ilikuwa ikichoma takriban kilokalori 500 kwa siku chini ya ilivyotarajiwa kwa watu wa umbo lao.

Najua habari hii inaumiza, maana inasema safari ni ndefu. Lakini inaondoa aibu. Jirani anayekula sahani sawa na yako bila kunenepa huenda hakukuzidi kwa tabia, ila mwili wake haujawahi kuhisi ukame. Wewe unapanda mlima, na anayepanda mlima hupumzika bila kujitukana.

“Kumwambia mtu ‘umenenepa’ kunamsaidia ajirekebishe.”

Si kweli. Naelewa kwamba kwetu neno hili mara nyingi husemwa kwa upendo. Waliokuwa watu wazima miaka ya 1980 wanakumbuka jinsi kukonda kulivyoogopwa, hata huko Uganda ukimwi ukapewa jina la “slim”. Mwili uliojaa ukawa ushahidi wa uzima. Siku hizi neno lile lile husemwa mbele ya watu, kwa kumshika mtu kiuno. Mwaka 2013 Angelina Sutin na Antonio Terracciano walichunguza zaidi ya Wamarekani 6,000 na kukuta kwamba watu waliobaguliwa kwa sababu ya uzito, ambao hawakuwa na unene uliopindukia mwanzoni, walikuwa na uwezekano wa mara mbili na nusu hivi wa kuufikia miaka michache baadaye kuliko wasiobaguliwa. Ukimwona dada au shangazi ameongezeka, msalimie, muulize habari za nyumbani. Mizani anayo.

“Chai ya kupunguza mwili itakurudisha haraka.”

Si kweli. Nyingi za chai hizo zina majani ya sena, ambayo huharisha. Kinachotoka ni maji na choo. Mikanda ya kutoa jasho nayo hutoa maji tu. Vidonge vya magendo ni hatari zaidi, kwa sababu baadhi vimekutwa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa madhara yake kwenye moyo. Maji ya ndimu hayadhuru wengi wetu, ila hayayeyushi mafuta.

“Mwili ukiongezeka ghafla, sababu ni mdomo.”

Si kweli siku zote, na hapa naomba usome polepole. Prednisoloni, insulini, baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, na sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu kwa baadhi ya wanawake, zote zaweza kuongeza uzito. Dolutegravir, iliyomo katika dawa za VVU ambazo wengi Afrika Mashariki wanazitumia, nayo imeonekana kuongeza uzito, hasa kwa wanawake. Usiache dawa. Mweleze anayekutibu, atakusaidia kupima la kufanya. Tezi ya shingoni ikipunguza kazi yake huleta uzito pamoja na uchovu na kuhisi baridi.

Na kuna kuongezeka ambako si unene hata kidogo. Ukibonyeza mguu kwa kidole na shimo likabaki, ukikosa pumzi unapolala chali, au ukiongezeka kilo mbili ndani ya siku mbili tatu huku miguu au tumbo likivimba, moyo, figo au ini huenda vina shida. Mjamzito aliyevimba uso na mikono ghafla, anayeumwa kichwa vikali au asiyeona vizuri, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

“Kupungua kidogo hakuna maana.”

Si kweli. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2002, watu zaidi ya 3,200 waliokuwa karibu kupata kisukari walifuatiliwa. Kundi lililopangiwa kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki lilipunguza hatari ya kisukari kwa asilimia 58. Kwa mtu wa kilo 80, asilimia 7 ni kilo tano na nusu hivi.

Mizani yangu naipanda mara moja kwa wiki sasa, Jumamosi asubuhi baada ya kutoka msalani, na wiki ya hedhi siipandi. Siku ya kumi na moja baada ya Idi ilisoma 74.6. Zile gramu 600 zilizobaki zilinichukua mwezi mzima.