Kulala Nje ya Nairobi (Sehemu ya 2): Kila mtu na kambi yake

Katika sehemu ya kwanza tulieleza vyombo: hema la kupigwa chini, hema linalofungwa juu ya gari, na gari lililogeuzwa nyumba, lenye kitanda, jiko na tangi la maji. Leo tunaingia katika swali linalozua ubishi kuliko yote. Mtu akishapata chombo, aende wapi, na kwa nini huko?

Tuanzie katikati ya jiji, maana Nairobi yenyewe ilianza kama kambi. Reli kutoka Mombasa ilipofika hapa mwishoni mwa Mei 1899, hapakuwa na mji wa kuipokea. Wahandisi na vibarua walipiga mahema kwenye tambarare yenye majimaji, na walipachagua kwa hesabu. Palikuwa na maji, palikuwa na uwanja wa kuweka mataruma na vyuma, na mbele yao ulianza mpando wa kuelekea Kikuyu kabla ya kuteremka Bonde la Ufa. Ilibidi watu na mizigo ijipange kwanza. Mandhari hayakuhesabiwa.

Miaka kumi baadaye mji huo ulikuwa mlango wa misafara ya matajiri. Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alifika mwaka 1909 akiandamana na wapagazi zaidi ya 200. Walibeba mahema, vyakula, sanduku la vitabu vyake, na tani nne za chumvi ya kuhifadhia ngozi za wanyama. Bwana mkubwa aliweza kulala popote palipompendeza kwa sababu migongo ya wengine ilimfikishia nyumba yake hapo. Siku hizi kazi ile ya wapagazi inafanywa na gari, na gari lina masharti yake. Haliendi pasipo na njia, halivuki kila mto, na halibebi maji yasiyo na mwisho. Kwa hiyo chaguo la kambi huanza na gari kabla halijafika kwa mwenye gari.

Wasafiri wa mbali

Kundi la kwanza ni la wageni wanaoivuka Afrika kwa barabara, wengi wao wakiwa kati ya Cairo na Cape Town. Zamani kituo chao kilikuwa katikati ya jiji. Kwenye kona ya Barabara ya Kenyatta na Mtaa wa Kimathi, hoteli ya Stanley ilifungua mkahawa wa Thorn Tree mwaka 1959, na mgunga ulioota katikati ya meza ukawa sanduku la posta la wasafiri. Walibandika vikaratasi shinani: huyu anatafuta mwenzake wa kuchangia petroli hadi Kampala, yule anamwachia rafiki habari kwamba ametangulia Mombasa.

Leo wageni hawa huwaoni sana mjini. Magari yao ni marefu, maegesho ni ya shida, na foleni haina huruma. Wanakaa upande wa magharibi, Karen na Lang'ata. Kambi inayojulikana zaidi miongoni mwao, Jungle Junction, ilianzia Lavington kabla ya kuhamia Karen. Ukiwauliza kwa nini wamekaa hapo wiki nzima, hawatakutajia twiga wala machweo. Watakutajia gereji, nguo za kufuliwa, maji ya moto, na ofisi za balozi wanakoomba viza ya nchi inayofuata. Kabla barabara ya Isiolo hadi Moyale haijatiwa lami yote, kazi iliyokamilika katika muongo uliopita, magari mengi yaliyotoka Ethiopia yaliingia Nairobi yakiwa na springi zilizokatika na shokamzoba zilizokwisha. Kambi nzuri ilikuwa ile iliyo karibu na fundi.

Kundi hili ndilo lenye magari-nyumba halisi, na ipo sababu ya Wakenya wachache kuwa nayo. Kwa kawaida sheria zetu haziruhusu kuingiza na kusajili gari lililopita miaka minane, wala lenye usukani wa kushoto. Magari-nyumba mengi ya bei nafuu ya Ulaya na Marekani yana kasoro zote mbili. Mgeni hupita nalo kwa hati ya forodha ya muda, kisha huondoka nalo. Mwenyeji anayelitaka hununua gari la kawaida, akampelekea fundi wa mbao na fundi wa kuchomelea.

Wenyeji

Mkazi wa Nairobi naye, Ijumaa jioni, yuko katika hali tofauti kabisa. Gereji anaishi nayo, maji ya moto yako bafuni kwake. Anachokitafuta ni kile alichonyimwa tangu Jumatatu, na ukijua alichonyimwa unaweza kumkisia aendako.

Aliyechoka na kelele za matatu na jenereta hushika barabara ya Magadi. Kilomita 65 hivi kutoka jijini yuko Olorgesailie, penye kambi na mabanda ya Makavazi ya Kitaifa. Joto ni kali, maji ya kunywa unabeba mwenyewe, na usiku giza ni totoro. Asubuhi mwongozaji hukupitisha juu ya daraja la mbao, na chini ya miguu yako yametapakaa mashoka ya mawe, mamia kwa mamia, yameachwa palepale yalipofukuliwa. Louis na Mary Leakey walianza kuchimba hapo mwaka 1942, na baadhi ya zana hizo zinakadiriwa kukaribia umri wa miaka milioni moja. Wakati huo palikuwa na ziwa, na mlima wa jirani ulitoa jiwe la kuchongea. Waliokaa pale walifuata maji na mali ghafi, kama wahandisi wa reli walivyofanya baadaye sana.

Aliyechoka na joto la ofisi huenda juu. Milima ya Ngong, yenye kimo cha mita 2,460 hivi, iko karibu kiasi kwamba unaweza kutoka kazini na kupika chakula cha jioni huko. Lakini upepo wake ndio uliofanya mitambo ya umeme ijengwe kwenye migongo ya milima hiyo, na mwenye hema la juu ya gari atautambua saa nane za usiku, gari likiyumba naye ndani. Milima ya Aberdare, hifadhi ya taifa tangu 1950, ina baridi zaidi, mvua zaidi, na matope yanayomgeuza dereva wa gari dogo njiani.

Aliyechoka kukaa kitako hupenda Hell's Gate, karibu na Naivasha. Hifadhi hii, iliyotangazwa mwaka 1984, ni kati ya chache ambamo mtu anaruhusiwa kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli kati ya pundamilia na twiga. Vijana wanaopenda muziki na nyama choma hubaki chini kando ya ziwa, penye kambi za watu binafsi zenye baa na umeme.

Familia yenye watoto haiangalii lolote kati ya hayo kwanza. Mama akishuka garini, kabla hajatazama ziwa, humuuliza mlinzi: "Kaka, choo kiko wapi?" Kisha huuliza kama ua umezunguka kambi yote na kama mlinzi hukesha. Majibu ya maswali hayo ndiyo huamua kama mwaka ujao watarudi. Wakenya wengi walilala ndani ya hema mara ya kwanza wakiwa skauti, baadhi yao katika kambi ya Rowallan karibu na Jamhuri, na vyoo vya kambini wanavikumbuka vizuri kuliko nyimbo.

Chombo nacho huchagua

Kuna jambo ambalo wauzaji wa hema la juu ya gari hawalisemi kwa sauti. Kulifungua ni rahisi: unalegeza mikanda, kifuniko kinainuka, unavuta ngazi hadi chini, na godoro limo ndani tayari. Lakini gari likiwa na hema wazi haliwezi kwenda popote. Ukitaka kwenda kuona wanyama alfajiri, au maziwa yakiisha, sharti uikunje nyumba nzima. Kwa hiyo hema hili linamfaa msafiri anayelala hapa leo na kwingine kesho, au kambi ambayo kila kitu ni cha kufikiwa kwa miguu. Anayekaa siku nne mahali pamoja, akizunguka kwa gari mchana, ana raha zaidi na hema la chini, ambalo humlindia nafasi yake akiwa hayupo.

Vivyo hivyo na aina za kambi ndani ya mbuga. Shirika la Wanyamapori, KWS, lina kambi za umma na kambi maalumu. Ya umma unaingia na yeyote aliyelipa, na mara nyingi pana vyoo na mfereji wa maji. Ile maalumu unaikodi, inakuwa yako na wenzako peke yenu, lakini aghalabu ni uwanja tu chini ya miti, bila maji wala choo. Wengi hudhani maalumu maana yake ni bora. Ni bora kwa mwenye gari lililobeba kila kitu. Kwa mwenye gari dogo, meko na mtungi mmoja wa maji, kambi ya umma ndiyo yenye hadhi.

Pasipofaa kulala

Upendeleo wa mtu una mpaka, na mpaka huo ni maji. Kingo za mto zina kivuli na upepo mwanana, ndiyo maana kambi nyingi hujengwa hapo. Mwanzoni mwa Mei 2024 mto Talek ulivunja kingo zake huko Maasai Mara, kambi zikafunikwa, na watalii wakaokolewa kwa helikopta. Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yaliwasomba wageni katika korongo la Hell's Gate na kuua watu. Hatari ya namna hii haiji na mawingu unayoyaona: mvua inaweza kunyesha mbali, juu ya milima, huku kambini jua likiwaka. Mkondo mkavu wenye mchanga laini, hata upendeze vipi, usipige hema ndani yake.

Ziwani napo pana sheria yake. Kiboko hutoka majini usiku kula nyasi, na hurudi kwa njia zake alizozizoea. Ukiona nyasi zimekatwa fupi kama kwa mashine na njia pana imeshuka hadi majini, uwanja huo una mwenyewe. Piga hema ndani ya ua wa umeme na tochi uwe nayo mkononi.

Kwa hiyo mwenzako akikuambia kambi fulani ni nzuri kuliko zote, muulize kwanza anatumia chombo gani, anakwenda na nani, na anaishi mtaa gani. Anayekaa Kileleshwa penye miti na anayekaa ghorofa ya sita karibu na River Road hawatafuti kitu kimoja. Na wenye kambi wakitaka kujua wapi pa kutia fedha zao, jibu la wateja wengi linajulikana: kabla ya bwawa la kuogelea, choo safi, maji na mlinzi asiyelala.

Juma lijalo: ada, vibali na malipo ya kielektroniki, na namna ya kupanga bajeti ya siku mbili kwa watu wanne.