Mshipa wa Uso: Kwa Nini Uso Hupinda, na Mpasuaji Aweza Kufanya Nini



Huenda umepata kumwona mtu aliyelala usiku akiwa mzima, naye alipoamka alfajiri upande mmoja wa uso wake ulikuwa umelegea. Jicho halifumbi, mdomo umekwenda upande, maji anywayo yamtiririka kidevuni, na akicheka ni nusu ya uso tu inayocheka. Majirani hukusanyika, na kila mmoja ana neno lake: huyu asema amepigwa na pepo, yule asema amerogwa, wa tatu asema afichwe ndani asionekane. Leo nataka kueleza jambo hili lilivyo, kwa maana katika ugonjwa huu siku za kwanza zina thamani kubwa, nazo ndizo zipotezwazo kwa kubishana.

Kichwani mwetu mna jozi 12 za mishipa ya fahamu zitokazo katika ubongo. Jozi ya saba ndiyo mishipa ya uso, mmoja wa kuume na mmoja wa kushoto. Kila mmoja hupita ndani ya mfupa wa sikio katika njia nyembamba yenye kupindapinda, kisha hutokea chini ya sikio na kuingia katika tezi kubwa ya mate. Humo hugawanyika matawi makuu matano: la paji, la jicho, la shavu, la taya na la shingo. Mshipa huu ndio ukunjao paji, ufumbao jicho na uletao tabasamu. Tena huchukua ladha ya sehemu ya mbele ya ulimi.

Taabu nyingi hutokea katika ile njia ya mfupa. Mshipa ukivimba humo hauna pa kupanukia, bali hujibana wenyewe, kama mguu uliovimba ndani ya kiatu kigumu. Ndivyo ilivyo katika ule ugonjwa wa ghafula uitwao kwa jina la Charles Bell, mpasuaji wa Scotland, aliyeeleza habari za mishipa ya uso mbele ya wataalamu wa Royal Society mwaka 1821. Lakini ugonjwa wenyewe ulijulikana kale; al-Razi, tabibu wa Uajemi aliyefariki yapata mwaka 925, aliuandika katika vitabu vyake vya Kiarabu.

Wengi wa wagonjwa hawa hupona, hata bila dawa. Lakini dawa iitwayo prednisoloni, ikianzwa katika saa 72 za kwanza, huongeza idadi ya waponao kabisa. Katika majaribio yaliyotangazwa Scotland mwaka 2007, baada ya miezi tisa walikuwa wamepona wagonjwa 94 katika kila 100 waliopewa dawa hiyo, na 82 katika kila 100 ambao hawakupewa. Kwa sababu hiyo madaktari hawana desturi ya kuupasua mfupa kwa ugonjwa huu; kupasua hapo kwaweza kuharibu hata kusikia.

Hata hivyo si kila uso uliopinda una sababu hiyo. Sikio litokalo usaha kwa muda mrefu laweza kuula mfupa na kuudhuru mshipa; hapo mpasuaji hana budi kulisafisha sikio. Ukoma nao huweza kuulegeza ukope. Uso ukilegea polepole kwa majuma na miezi, yafaa kutafuta uvimbe katika tezi ya mate. Na kama mgonjwa aweza kukunja paji lote lakini mdomo umeanguka, au mkono umekosa nguvu, au maneno hayatoki sawasawa, huenda ni kiharusi cha ubongo. Apelekwe hospitali saa ile ile.

Sasa tutazame kazi ya mpasuaji. Ya kwanza ni kuunga. Mtu akikatwa shavuni kwa panga au kwa kioo, na mshipa ukakatika, ncha zake zaweza kushonwa kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Katika siku tatu hivi za mwanzo, ncha iliyo upande wa misuli ikiguswa kwa umeme huifanya misuli ishtuke, na hivyo daktari huitambua kwa urahisi. Baada ya hapo hunyamaza. Kama kipande kimepotea, huazimwa kipande cha mshipa wa fahamu toka nyuma ya mguu, na mgonjwa hubaki na ganzi kidogo kandokando ya unyayo.

Mshipa huota kama milimita moja kwa siku. Wanafunzi na wapige hesabu: sentimita 10 zahitaji siku 100. Basi yatakiwa subira.

Kazi ya pili ni kuazima nguvu za jirani. Mwaka 1895 Charles Ballance wa London aliuunga mshipa wa uso na mshipa wa bega. Na mwaka 1901 Werner Körte wa Berlin aliuunga na ule wa ulimi. Siku hizi hutumiwa pia tawi la misuli ya kutafuna. Mgonjwa hujifunza kuuma meno ili atabasamu, hata mazoea yakawa tabia.

Lakini misuli iliyokaa bila mshipa mwaka mmoja na nusu au miwili hukonda, nayo haiamki tena. Hapo hubaki kazi ya tatu: kuleta misuli mingine. Mwaka 1976 Kiyonori Harii na wenzake wa Japani walitangaza jinsi walivyohamisha kipande cha msuli wa paja hadi shavuni, pamoja na mishipa yake ya damu na ya fahamu. Kazi hii hurudisha tabasamu, bali si lile la kwanza kabisa.

Jambo moja halingojei mpasuaji, nalo ni jicho. Jicho lisilofumba hukauka, hupata kidonda, na mwisho huweza kupofuka. Mchana litiwe dawa ya matone aliyoitoa daktari. Usiku litiwe marhamu na ukope ufungwe taratibu. Asipopona, mpasuaji aweza kutia kipande kidogo cha dhahabu ndani ya ukope wa juu, uzito wake uushushe.

Basi, ukimwona mwenzako uso umepinda, usimfiche wala usimcheke. Akili yake ni nzima, nawe unaposhindwa kuliona tabasamu lake, usidhani kwamba moyoni hana furaha. Mwongoze hospitali siku ile ile. Wazee walisema, chelewa chelewa utakuta mwana si wako.